Hewa ya nyumba za zamani: tuipime kabla ya kumshitaki mtu

Kila majira ya mvua makanisa yetu ya Kivu huitwa kwenye matanga ya aina moja. Familia imelala ikiwa nzima. Asubuhi jirani anagonga, hakuna anayeitika. Mlango unavunjwa, na ndani watu wawili au watatu wamekwisha kufa, hawana jeraha, hakuna damu, sahani za jana zingali mezani. Kabla jeneza halijatengenezwa, mtu ameshatamka neno: sumu. Mwingine anasema uchawi. Macho yanamgeukia mama mzee wa nyumba ya nyuma, au mtoto aliyebaki hai, au mpangaji aliyegombana na marehemu juma lililopita.

Hatuandiki kusema kwamba hakuna mtu anayeweza kumtilia mwenzake sumu. Tunasema jambo jingine: katika miji yetu kuna hewa inayoweza kuua nyumba nzima usiku mmoja bila kunusika wala kuonekana, na hewa hiyo hupimika. Nyumba za zamani, ambazo zimegawanywa na kuzibwa mara nyingi tangu zijengwe, ndizo huifungia ndani kwa urahisi. Parokia yenye vipimo viwili vidogo na daftari moja inaweza kujua mengi kuliko mtabiri yeyote.

Nyumba ilijengwa ikipumua

Anayetembea Nguba au Muhumba huko Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, huona nyumba zenye dari ya juu, madirisha mapana, na matundu madogo juu ya dirisha au chini ya paa. Nyingine zina mahali pa moto sebuleni, na bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa. Jiko lilikuwa nyuma, peke yake, mbali na vyumba vya kulala. Waliozijenga walijua kwamba chumba lazima kiingize hewa na kuitoa.

Tazama sasa nyumba hizo hizo. Sebule moja imekuwa vyumba vitatu kwa kuta za triplex, na katika kila kimoja inalala familia. Chumba cha katikati hakina dirisha hata moja. Matundu ya juu yamezibwa kwa saruji au kwa nguo kuukuu, kwa sababu ya mbu, kwa sababu ya baridi, na tuseme wazi, kwa sababu ya wezi na ya risasi za usiku. Jiko la nyuma limekuwa chumba cha kupangisha, kwa hiyo mama anapika koridoni. Bomba la moshi limejaa viota vya ndege na matope, lakini mpangaji mpya haoni shida kuwasha moto chini yake.

Huko Goma habari ni nyingine kidogo. Nyumba za zamani za mbao, zilizosimama juu ya mawe ya lava, zilikuwa na nafasi kati ya ubao na ubao, na upepo ulipita upendavyo. Wenye nyumba walipochoka na baridi walipiga makaratasi, kisha plastiki, kisha triplex ndani. Nyumba iliyokuwa inapumua kama kikapu ikawa kama chupa. Tena, katika mitaa iliyopitiwa na lava ya tarehe 17 Januari 2002, watu walijenga upya juu ya jiwe lenye nyufa, na katika viwanja vingine vyumba vya zamani vimebaki chini kuliko barabara. Chumba kilicho chini kuliko ardhi inayokizunguka ni jambo la kukumbuka, tutalirudia.

Hewa ya makala

Watu wetu wengi wanaogopa moshi na hawaogopi makala. Kuni zinatoa moshi, macho yanalia, kila mtu anatoka nje. Makala yakishashika vizuri hayatoi moshi tena, yanang'aa mekundu, na mama anasema: sasa mbabula iko safi, iingizwe ndani iwapashe watoto joto. Hapo ndipo hatari inapoingia pamoja nayo. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, ile inayoandikwa CO. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Inatoka wakati makala yanapowashwa, inatoka yakiwa mekundu, na inaendelea kutoka yanapofifia chini ya majivu usiku, wakati kila mtu anadhani moto umekufa.

Ndani ya mwili CO huenda kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo hata kiasi kidogo, kikivutwa kwa saa nyingi, hujaza damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu inalegea. Akiwa amelala haamki kusikia hayo.

Dalili hizi zinafanana sana na malaria, na hapa kwetu kila kichwa kinachouma huitwa malaria. Tofauti zipo, nazo si ngumu kuzishika. CO haileti homa. Watu wote wa chumba huugua kwa pamoja, hata mbwa. Wanapata nafuu wakikaa nje au wakienda kazini, na wanarudia kuugua usiku. Mama anayetibiwa malaria mara nne katika majira moja ya mvua, na kila mara kipimo cha damu hakionyeshi kitu, aulizwe mbabula yake inalala wapi.

Kwa wauguzi wa vituo vyetu vya afya tuna neno moja la pekee. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni hudanganywa na CO. Kinaona damu nyekundu na kuandika 97 au 98, na huku mgonjwa anakufa. Namba nzuri kwenye kidole isimrudishe nyumbani mtu aliyetolewa kwenye chumba chenye mbabula. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua karibu saa 4 au 5 kutoa nusu ya CO. Kwa oksijeni ya chupa muda huo hushuka hadi karibu saa moja au moja na nusu. Kama oksijeni ipo, apewe mara moja.

Wengine husema ukiweka sufuria ya maji juu ya mbabula, maji yanakunywa sumu. Hayanywi. CO karibu haiyeyuki katika maji. Sufuria hiyo itawapa maji ya moto tu.

Jenereta ni ndugu wa mbabula, tena ni mkali zaidi. Tumeona makanisa ambako jenereta huwekwa katika chumba kidogo nyuma ya madhabahu, ili lisiibiwe na ili kelele isisumbue mkesha. Watu wanaimba usiku kucha na madirisha yamefungwa. Mtu akianguka, wanadhani ni pepo limemtupa chini. Jenereta likae nje kabisa, mbali na dirisha na mlango, hata kama ni lazima kijana mmoja akae nje analilinda.

Mazuku

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa neno hili. Dunia nzima ya wanasayansi wa volkano imelichukua kutoka kwao. Wazee walilieleza kuwa upepo mbaya unaoua usiku. Mbuzi aliyefungwa kwenye bonde dogo jioni anakutwa amekufa asubuhi, na karibu naye ndege na mijusi. Huko Bulengo, pembeni mwa Lac Vert na kwenye mwambao wa ziwa magharibi ya mji, mahali pa namna hiyo panajulikana.

Mazuku ni dioksidi ya kaboni, CO2. Inatoka chini sana, kwenye miamba iliyoyeyuka, na kupanda kupitia nyufa. Ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo haipandi angani kama moshi. Inateleza kama maji na kujaza mashimo, mitaro, mabonde madogo, na vyumba vilivyo chini. Mchana jua na upepo huichanganya na hewa na kuipunguza. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, inakusanyika tena. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kupita mahali hapo saa sita mchana kwa miaka kumi bila neno, na siku moja akapita saa kumi na moja asubuhi akaanguka.

Hewa tunayovuta nje ina CO2 kidogo sana, karibu sehemu 420 katika milioni, ambayo kwenye vipimo huandikwa ppm. Ikifika asilimia 3 au 4, yaani 30,000 au 40,000, mtu anahema kwa nguvu na kichwa kinagonga. Ikipita asilimia 10 anapoteza fahamu kwa dakika chache na kufa. Mtoto anayetambaa, na familia inayolala kwenye mkeka, wako ndani yake wakati baba aliyesimama mlangoni hasikii kitu. Katika chumba kimoja kunaweza kuwa na hewa mbili: ya magotini na ya kichwani.

Kamerun ilionyesha dunia ukali wa hewa hiyo hiyo. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos lilitapika CO2 usiku, na watu karibu 1,700 wakafa, pamoja na ng'ombe wao. Tunalitaja ili mtu aelewe CO2 inaweza kufanya nini, si kwa kuwatisha watu wa Kivu. Mazuku ni jambo la ardhi na nyufa zake, nalo si sawa na kulipuka kwa ziwa. Anayemweleza jirani yake kwamba hewa chumbani inaonyesha ziwa liko karibu kupasuka, anamkimbiza bure.

Na huyu wa tatu, moshi

Moshi wa kuni kwa kawaida hauui usiku mmoja, kwa hiyo haufanyi matanga yenye makelele. Unaua polepole: mapafu ya watoto, moyo, kifua cha bibi aliyepika miaka 50. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kipimo cha vumbi la moshi hutoa namba inayoitwa PM2.5, shirika hilo linashauri wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo, na jiko la kuni lililofungwa hupita mamia kwa urahisi. Lakini kwa kweli moshi hauhitaji kipimo. Dari nyeusi imeshasema. Fedha za parokia ziende kwenye zile hewa mbili zisizoonekana.

Kuna mengine ya nyumba za zamani ambayo tunayapitia upesi. Radoni hutoka ardhini kupitia nyufa za sakafu na huleta kansa ya mapafu baada ya miaka mingi. Kipimo chake kizuri hukaa chumbani miezi mitatu kisha hupelekwa maabara, jambo ambalo wachache wetu wanaliweza leo. Kuziba nyufa za sakafu na kufungua matundu husaidia hata bila namba. Na kama paa au dari ya nyumba ya wakati wa ukoloni ni ya mabamba ya saruji ya kijivu, huenda yana asbesto, ambayo wengi wanaijua kwa Kifaransa kama amiante. Vipimo vya hewa tunavyovitaja hapa haviipimi. Bamba zima lisilovunjika liachwe lilivyo; lisikatwe kwa msumeno, lisitobolewe, lisipigwe kwa burashi ya chuma.

Mshumaa hautoshi

Wachimba visima na mafundi wa vyoo wana desturi ya kushusha taa au mshumaa shimoni: ukizimika, hawaingii. Desturi hii imeokoa watu, hatuidharau. Lakini ndani ya nyumba isitumike kama hakimu. Mshumaa huzimika wakati hewa imeshaharibika sana. Binadamu anaanza kuumia kwa CO2 wakati mwali bado umesimama wima. Kwa CO ya makala mshumaa haujui lolote, utawaka vizuri katika chumba chenye maiti. Na katika shimo la choo, ambamo kunaweza kuwa na gesi inayowaka, mshumaa ndio utakaoleta mlipuko.

Pua nayo haitoshi, maana hewa hizi mbili hazina harufu. Wapo wanaosema harufu ya moshi au ya kiberiti ndiyo dalili. Ukiinusa, toka, usipoinusa, bado hujajua.

Vipimo viwili, si kimoja

Hapa ndipo wengi wanakosea dukani. CO na CO2 zinafanana kwa jina na hazifanani kwa kipimo. Kifaa cha CO kinacholia kikisikia hewa ya makala kitakaa kimya kabisa katikati ya mazuku. Kifaa cha CO2 hakitasema neno juu ya CO ya mbabula. Ndugu wa ng'ambo wanaotaka kuzisaidia parokia za Goma mara nyingi hutuma kile cha kwanza, kwa sababu ndicho kinachouzwa kwa ajili ya nyumba za kwao. Waombwe vyote viwili.

Kwa CO, tafuta kifaa chenye alama EN 50291 na chenye kioo kinachoonyesha namba. Vifaa vya alama hiyo vimewekwa vilie hewa ikifika 50 ppm kwa muda wa saa moja hadi moja na nusu, 100 ppm kati ya dakika 10 na 40, na 300 ppm ndani ya dakika 3. Soma tarehe iliyoandikwa mgongoni: sehemu inayonusa huchakaa, na nyingi huisha baada ya miaka 5 hadi 10, hata kama betri ni mpya. Kitufe cha majaribio hujaribu betri na sauti tu. Ili ujue kama kinanusa, toka nje, kiweke upande wa mbabula inayofifia, mbali kidogo na joto, utazame kama namba inapanda. Tena jua kwamba vifaa vingi huandika 0 mpaka CO ifike karibu 30; sifuri yake si ushahidi kwamba hewa ni safi.

Kwa CO2, uliza kama kinapima kwa mwanga wa infraredi. Vile vya bei rahisi sana mara nyingi havipimi CO2, vinakisia kutokana na harufu nyingine, navyo vitakudanganya. Tena vingi vinaishia 5,000 ppm. Hiyo inatosha kwa kazi yetu: kikifika mwisho wake katika chumba kisicho na watu, usitafute kujua zaidi, toka.

Namna ya kupima

CO ipimwe katika hali ya kweli ya nyumba ile. Mbabula ile ile, makala yale yale, madirisha kama yanavyofungwa usiku, ila watu wawe macho na watoto wawe nje. Kifaa kiwekwe penye mto wa kulalia, mita moja au mbili kutoka kwenye mbabula, na mpimaji asimame nje akisoma kupitia mlangoni kila baada ya dakika tano. Shirika la Afya Duniani linaweka kiasi kisichozidi karibu 30 ppm kwa saa moja, na karibu 9 kwa saa nane, yaani usiku mzima. Namba ikipita 30, jibu limepatikana. Hakuna haja ya kungoja king'ora. Katika chumba kidogo kilichozibwa huenda mpimaji asimalize hata nusu saa.

CO2 inahitaji akili zaidi, kwa sababu sisi wenyewe tunaitoa tukipumua. Watu wanne wakilala katika chumba kilichofungwa, asubuhi kifaa kinaweza kuandika 2,500 au 3,000. Hiyo si mazuku. Ni hewa iliyochoka, inayoleta usingizi mzito na kuambukizana kifua kikuu kwa urahisi, na dawa yake ni kufungua. Hata mkesha wa kanisa utaonyesha namba kama hizo. Tusipige kelele ya mazuku mahali ambapo ni waimbaji tu.

Ili kutofautisha, fanya mambo mawili. Kwanza, acha chumba kitupu usiku mzima, bila mtu, bila moto, kikiwa kimefungwa. Alfajiri, kabla jua halijapasha joto, sogeza kifaa ndani kupitia mlangoni kwa fimbo ndefu. Chumba kitupu chenye hewa ya kawaida kitakaribia namba ya nje, 420 au 500. Kikiandika maelfu, hewa hiyo imetoka ardhini au kwa jirani mwenye moto. Pili, pima sakafuni, kisha magotini, kisha kichwani. Pumzi za watu huchanganyika chumbani, kwa hiyo namba hukaribiana. Mazuku hukaa chini: sakafuni kifaa kinafika mwisho wake, kichwani kinashuka. Rudia asubuhi tatu, moja ikiwa baada ya mvua, na uandike kama kulikuwa na upepo.

Kipimo hicho cha CO2 kina faida nyingine ndogo tunayoipenda. Kinaonyesha kama nyumba inapumua. Familia ikiamka, watu watoke, mlango na dirisha vifunguliwe, kisha mtu atazame saa. Namba ikirudi karibu na ya nje ndani ya dakika 15, matundu yanafanya kazi. Ikikaa juu kwa saa nzima, kuna kitu kimezibwa. Mwenye nyumba aliyebisha juu ya tundu la saruji hubisha kidogo zaidi akiiona namba kwa macho yake.

Asiye na kifaa anaweza kuanza na uzi mwepesi au moshi wa kijiti cha ubani. Ushike penye tundu la juu, kisha chini ya mlango. Moshi ukisimama tu bila kwenda popote, hewa haipiti. Hili halipimi sumu, linapima njia.

Kabla ya kusema ni nani

Turudi kwenye matanga. Mlango ukishavunjwa na watu 30 wakaingia na kutoka, hewa imebadilika, na kifaa kitaandika namba ya kawaida. Hapo anayetaka kumshitaki mtu atasema: mnaona, hakuna kitu. Hiyo si kweli. Mashemasi wanaofika wa kwanza waangalie kilichobaki: mbabula ilikuwa wapi, ilikuwa na majivu ya jana au la, jenereta la jirani liko upande gani, dirisha lilizibwa kwa nini, waliokufa walilala chini au kitandani, aliyebaki hai alilala wapi. Mara nyingi aliyebaki hai ni yule aliyelala karibu na mlango, au juu ya kitanda kirefu, na ndiye huyo huyo anayeitwa mchawi kwa sababu amebaki hai. Jambo hili peke yake lingetosha parokia kununua vifaa.

Siku chache baadaye, kwa ruhusa ya familia na ya chef wa kartiye, chumba kijaribiwe tena katika hali ile ile, bila mtu ndani. Daktari akiweza kupima damu ya marehemu au ya walionusurika, na apime mapema. Katika maeneo ya mazuku habari ipelekwe kwa Observatoire Volcanologique de Goma, wanaofuata Nyiragongo na Nyamulagira, na kwa Protection civile. Mchungaji asikubali kusimama mimbarani kumtaja mtu, wala kuombea familia dhidi ya adui asiyetajwa lakini anayejulikana na wote, kabla hewa haijapimwa. Tunajua hilo ni gumu wakati ndugu wa marehemu wamekasirika na vijana wameshika mawe. Lakini mara nyingi neno la kwanza linalosemwa na mchungaji kwenye matanga ndilo linalobaki.

Na anayeona mtu ameanguka ndani ya chumba kilicho chini, ndani ya shimo au bondeni, asiruke kumfuata. Katika mashimo ya namna hii wa pili hufa juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Fungua kila kilicho cha kufunguliwa kutoka nje, mvute kwa kamba au kwa fimbo ndefu, usiiname.

Juu ya marekebisho hatuna mengi. Mbabula ilale nje, hata ikiwa majivu tu. Chumba kiwe na tundu chini na tundu juu, pande mbili, la ukubwa wa tofali moja angalau, na wavu wa mbu juu yake. Wavu hauzuii hewa, nguo inazuia. Mama aliyejifungua apewe blanketi za kutosha na kikundi cha akina mama, ili asihitaji moto chumbani. Penye mazuku ya kweli, kitanda kirefu hakitoshi wala tundu halitoshi. Chumba hicho kisilaliwe na mtu, kiwe stoo, na kama nyumba nzima iko bondeni familia isaidiwe kuhama.

Vifaa vikae kwa mtu mmoja anayejulikana, si ofisini kwa mchungaji ambako hufungwa siku za juma. Daftari liwe na tarehe, saa, avenyu, urefu kutoka sakafuni, namba iliyosomwa, na hali ya hewa ya asubuhi hiyo. Anayeazima aandike jina lake. Betri zitolewe kifaa kikikaa zaidi ya mwezi bila kutumika, na kisihifadhiwe jikoni.